Bendera Ukutani: Tunawafundisha Nini Watoto Wetu?

(Haya ni maelezo niliyoyatoa mbele ya wazazi wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi, Milton Keynes, Uingereza. Nimeyaandika kwa ombi la waliokosa kuhudhuria, na kwa ndugu zetu wa nyumbani ambao jambo hili linawahusu kuliko sisi.)



 Sikusimama hapa kama mwanasiasa, na wanaonijua wanajua kwamba sina kadi ya chama chochote. Nimesimama kama mwalimu wa watoto wadogo. Nilisomesha skuli ya msingi Unguja kuanzia 1982 mpaka nilipoondoka 1996, siku zote darasa la kwanza mpaka la tatu, na hapa nawasomesha watoto wenu kila Jumamosi. Umri wangu wote nimefanya kazi na watu ambao wakikaa kwenye kiti miguu yao haifiki chini.

Mnajua kilichotukutanisha. Wiki nne zilizopita nilibandika ukutani bendera ya Jamhuri ya Muungano kwa ajili ya somo la rangi. Mzazi mmoja akaniuliza mbona ya Zanzibar haipo. Wiki iliyofuata nikaziweka zote mbili. Mzazi mwengine akanambia tunawafundisha watoto utengano. Wa tatu akasema yote hayo ni siasa, mwanawe amekuja kujifunza kuamkia wakubwa na kusoma hadithi, kwa hivyo zishushwe zote. Jumamosi iliyopita watoto watatu hawakuja. Darasa letu lina watoto kumi na saba. Watatu ni wengi.

Leo mnataka tupige kura ni bendera gani ibaki. Sawa, tutapiga. Lakini kabla ya kura naomba mnivumilie niwahadithie kisa kimoja ambacho sijapata kukihadithia mbele za watu.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu wa darasa la pili katika kijiji kimoja cha Kusini Unguja. Watoto walikuwa zaidi ya hamsini, nusu yao wakikaa chini kwenye majamvi. Asubuhi tulikwenda mstarini, bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukaimbwa, kucha zikakaguliwa, tukaingia darasani. Katika somo la siasa nilitakiwa niwafundishe alama za taifa: bendera, nembo, wimbo, Mwenge wa Uhuru. Mtoto wa miaka minane alitakiwa azitaje rangi nne za bendera na maana zake. Kijani ni mimea na ardhi yetu, nyeusi ni watu, buluu ni bahari, maziwa na mito, manjano ni madini. Walikariri vizuri sana, mtu angedhani wameyaelewa. Siku moja nikamuuliza mmoja wao, "Madini ni nini?" Akanijibu bila ya kusita, "Ni manjano, mwalimu."

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Nikaona watoto hawa wana maneno tu. Nikaamua waichore bendera wenyewe. Penseli za rangi hatukuwa nazo, na dukani hazikuwepo. Nikawaambia kila mmoja aje na alichonacho kwao. Kesho yake darasa lilinukia jikoni. Walikuja na mkaa kwa nyeusi, manjano ya mchuzi kwa manjano, majani ya mchicha yaliyotwangwa kwa kijani, na buluu ya kufulia kanzu, kipande kimoja kikigawiwa watoto kumi. Nakwambieni, katika miaka yangu yote ya kusomesha sijapata siku ya furaha kama ile asubuhi.

Nikipita baina yao nikamkuta mtoto mmoja amemaliza bendera yake, ameligeuza karatasi, na upande wa pili anachora nyengine. Amepaka wekundu ukurasa mzima kwa mbegu za mzingefuri. Katikati ameweka duara la kijani, na ndani yake karafuu mbili za manjano.

Nikamuuliza, "Nini hii?"

"Bendera, mwalimu. Bibi anayo kwenye kasha. Kasema na hii ilikuwa yetu."

Vijana wa hapa huenda hamjui kilichonipata. Ile ilikuwa bendera ya Zanzibar iliyopandishwa siku ya uhuru, tarehe 10 Disemba 1963, na ikashushwa na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Iliruka siku thelathini na tatu. Na mwaka 1984 haukuwa mwaka wa kuichora. Januari ile Rais Aboud Jumbe alikuwa amejiuzulu kwa sababu ya fikra zake juu ya muundo wa Muungano, na kile kipindi watu walikiita "kuchafuka kwa hali ya hewa". Katika hali ya hewa kama ile, karatasi moja ya mtoto ingeweza kumfikisha mzazi wake pabaya, na mwalimu wake pia.

Nililichana lile karatasi mbele ya darasa zima. Nikamwambia ile si bendera, ni takataka. Nikamcharaza viboko viwili vya mkono. Nilijiambia namlinda. Ukweli ni kwamba nilikuwa najilinda nafsi yangu.

Usiku bibi yake alikuja nyumbani, kajifunika kanga mpaka puani. Nilidhani amekuja kunigombeza. Alikaa kwenye kizingiti, akasema, "Mwalimu, nimekuja kukushukuru. Umefanya vizuri kulichana. Na kile kitambaa nimekitia moto." Akaniachia mayai manne, akaondoka.

Ndugu zangu, lau angenitukana ningesahau. Shukrani zake ndizo zilizonikaa mpaka leo. Mtoto yule siku ile alijifunza alama za taifa kuliko wenzake wote. Alijifunza kwamba bendera ni kitu kinachomtetemesha mwalimu na kumfanya bibi achome nguo ya kasha lake. Hilo halikuwa katika muhtasari, na ndilo alilotoka nalo.

Sasa nirudi kwenye bendera zetu mbili za ukutani, kwa sababu nyingi ya hasira tulizozisikia hapa zinatokana na kutojua, na kutojua kwetu kunatokana na waalimu kama mimi.

Sote tulikaririshwa maana za rangi. Nani kati yetu aliambiwa skuli kwamba bendera ya Muungano imeunganishwa kwa bendera mbili? Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Disemba 1961 ilipandisha bendera ya kijani, na katikati mstari mweusi uliopakana na mistari ya dhahabu. Zanzibar baada ya Mapinduzi ikawa na bendera ya mistari mitatu: buluu, nyeusi na kijani. Nchi zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, mwaka huo huo ikatengenezwa bendera ya pamoja. Ikachukuliwa kijani, dhahabu na nyeusi kutoka kule, na buluu kutoka kwetu, na mstari ukapitishwa mshazari. Ukiitazama hivyo, ile buluu ya kufulia waliyogawana watoto wangu haikuwa maji matupu. Ilikuwa ni sisi. Nami nilisimama mbele yao nikawaambia ni maziwa na mito, katika kisiwa kisichokuwa na ziwa.

Na bendera ya Zanzibar ya leo je? Baraza la Wawakilishi liliipitishia sheria 2004 na ikaanza kupepea Januari 2005. Ni ile ile mistari mitatu ya 1964, na pembeni juu, upande wa mlingoti, imewekwa bendera ndogo ya Muungano. Kwa hivyo anayesema bendera hii ni ya utengano aitazame tena, Muungano umo ndani yake. Na anayesema bendera ya Muungano haina Zanzibar naye aitazame tena, Zanzibar imo ndani yake. Mimi sisemi kwamba Muungano hauna kero. Kero zipo, na wakubwa wazizungumze kikubwa. Nasema kwamba vitambaa vyenyewe vinasema mengi kuliko sisi tunaovigombania.

Mjukuu wangu alipokuwa na miaka saba alileta kazi ya nyumbani kutoka skuli ya hapa. Alitakiwa aikate kwa mkasi bendera ya Uingereza, aitenganishe misalaba yake, kisha aibandike upya. Msalaba mwekundu wa England, mshazari mweupe wa Scotland, wakaunganishwa 1606, kisha mshazari mwekundu wa Ireland ukaongezwa 1801. Akaniuliza, "Bibi, Wales iko wapi?" Haipo. Wales ilikuwa imeshaingizwa ndani ya England kisheria karne ya kumi na sita, kwa hivyo haikupewa kipande chake. Mtoto wa miaka saba akaelezwa hayo na mwalimu wake, tena huku Wales wenyewe hawajaacha kulalamika, na hakuna aliyeitwa haini. Akanyanyua mkasi akaendelea.

Msidhani nawasifia Waingereza. Na wao bendera zinawapigisha. Belfast, Disemba 2012, baraza la mji liliamua bendera ya Uingereza ipepee kwenye jengo lao siku maalumu tu badala ya kila siku, mitaa ikawaka moto kwa wiki kadhaa. Kwa hivyo tusijione tuna laana peke yetu. Bendera zinaumiza kila mahali. Ninachojifunza mimi ni kwamba mtoto aliyeijua bendera kwa kuikata na kuiunganisha hataiogopa, na asiyeiogopa ndiye anayeweza kuipenda.

Mtaniuliza, mwalimu, basi tuwafundishe vipi? Mimi nina mambo matatu tu.

La kwanza, tusimwambie mtoto uongo. Mtoto wa miaka saba hahitaji kuambiwa yote, na si yote yanayomfaa. Lakini kidogo utakachomwambia kiwe kweli. Ukimwambia "zamani zilikuwa nchi mbili, zikaungana, zikaunganisha na rangi zao", hilo analielewa, na atakapokuwa na miaka kumi na tano akisoma mengine hatasema mwalimu alimdanganya. Hali kadhalika na wimbo wa taifa. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, watoto wa darasa hili walinijia mbio: "Mwalimu, wametuibia wimbo wetu!" Nikawaambia kaeni kitako. Sauti ile aliitunga Enoch Sontonga, Mwafrika Kusini, mwaka 1897, na Zambia nao wanaimba kwa sauti hiyo hiyo. Mmoja akasema, "Kumbe sisi ndio tulioazima." Basi huyo ndiye aliyeelewa.

La pili, alama ya taifa isiwe bakora. Hapa nasema kwa aibu yangu mwenyewe. Marekani, mwaka 1943, wakiwa katikati ya vita, Mahakama yao Kuu iliamua kwamba mtoto wa skuli halazimishwi kuipigia saluti bendera. Kesi ile waliileta Mashahidi wa Yehova. Na msidhani hayo ni ya wazungu tu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi wa imani hiyo hiyo waliokuwa wamefukuzwa skuli kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Wimbo haukupungua kitu. Bado unaimbwa asubuhi na mamilioni ya watoto. Heshima ya kulazimishwa ni ile aliyoniletea yule bibi pamoja na mayai manne.

La tatu, alama tuzifungamanishe na watu. Itazameni nembo ya taifa. Juu ya mlima Kilimanjaro wamesimama mwanamume na mwanamke, wameshika pembe za ndovu, miguuni pao mna karafuu na pamba, kwenye ngao mna shoka, jembe, mkuki na mwenge, na chini pameandikwa Uhuru na Umoja. Tuliwafundisha watoto kuitaja kila kitu kilichomo isipokuwa mkono wa binadamu uliochora. Mwaka 2017 Watanzania walisikia habari za mzee Francis Kanyasu, maarufu Ngosha, aliyetajwa kuwa mmoja wa walioichora nembo hiyo. Alikutwa Buguruni, Dar es Salaam, mgonjwa na fukara. Alifariki Mei mwaka huo. Wapo waliobishana nani khasa alichora nini, na ubishi wenyewe unatosha kuwa aibu. Nembo iko kwenye noti mfukoni, kila paspoti, kila ukuta wa ofisi, na hatukuwahi kuandika vizuri nani aliyetuchorea. Mtoto akifundishwa kuuheshimu mchoro bila ya kumheshimu mchoraji, atakuwa kiongozi anayeiheshimu bendera na kumdharau mwenye nchi. Na viongozi wa namna hiyo tunawajua, wengine tumesoma nao.

Sasa nimalizie na jambo linalotuhusu sisi wa huku.

Ile Jumamosi nilipoziweka bendera mbili, mtoto mmoja wa kike, mzaliwa wa hapa hapa, alisimama mbele yake muda mrefu. Akaniuliza, "Mwalimu, na mimi hii ni yangu?" Nikamwambia ndiyo. Nilimjibu haraka, kama tunavyowajibu watoto. Nilipofika nyumbani nikajiuliza kama nimemwambia kweli.

Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtoto huyu anaweza kuwa na uraia wa kwao na wa hapa akiwa mdogo. Akishafika utu uzima anatakiwa achague mmoja. Majirani zetu Kenya waliruhusu uraia wa nchi mbili kwa katiba yao ya 2010. Sisi bado. Hata hiyo hadhi maalumu ya watu wa diaspora si uraia. Kwa hivyo mnanituma nimfundishe mtoto kuipenda bendera mpaka atimize miaka kumi na minane, kisha karatasi imwambie chagua. Na wengi wetu ukumbini humu tumeshachagua. Tuna paspoti nyengine mifukoni, na ndio sisi sisi tuliokuwa tukirushiana maneno wiki iliyopita juu ya bendera ipi ibaki ukutani. Mimi ni mmoja wenu, simcheki mtu. Nasema tu kwamba mtoto yule ameuliza swali kubwa kuliko letu.

Nimefikiri nimpe jibu gani Jumamosi ijayo. Nitamwambia hivi: "Paspoti hutolewa na serikali, na serikali ina masharti yake. Lakini rangi hizi bibi yako na babu yako wamo ndani yake, na hilo halina sharti." Kama mnaona si kweli, nisahihisheni leo, nisije nikamdanganya.

Maombi yangu kwenu ni haya. Bendera zote mbili zibaki. Na kando yake nataka niweke ukurasa mmoja wenye bendera zilizopita, ya Tanganyika, na za Zanzibar zilizotangulia, pamoja na ile nyekundu ya siku thelathini na tatu, kila moja na tarehe zake, bila ya sifa na bila ya matusi. Asiyependa mojawapo aje anieleze mimi, asimtoe mtoto. Siku ya mwanzo hatutatumia penseli za rangi. Kila mtoto aje na kitu cha jikoni kwao. Mkaa mtaupata kwenye vifuko vya kuchomea nyama, manjano mnayo, mchicha mtatia spinachi. Buluu ya kufulia sijui kama siku hizi inauzwa. Mwenye nayo aniletee.

Na kwa kuwa maneno haya yatasomwa na walio mbali, nina neno la mwisho. Yule mtoto wa 1984 sasa ni mtu mzima wa karibu miaka hamsini. Sijui yuko Unguja, Muscat, Dubai au hapa hapa jirani. Jina lake silitaji, lakini mwenyewe atajijua, kwa mzingefuri na kwa mayai manne. Baba, mwalimu wako anakuomba radhi. Ulichora vizuri. Karafuu zako zilikuwa na vichwa vinne vinne, kama karafuu za kweli, na ile ilikuwa bendera.

  Sasa tupige kura.